Mfarishi huharibika dukani kabla ya kufika kwenye cherehani

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu wa Mbale aliyeeleza jinsi mfarishi wa viraka, ile shuka nzito ya vipande vya vitambaa vilivyoungwa, alioununua kwa shilingi laki mbili ulivyochuja rangi na kujikunyata baada ya kufuliwa mara moja tu. Mwishoni akatuhukumu mafundi kwa jumla: tunashona kwa pupa, tunapenda hela kuliko kazi. Mimi ni mmoja wa mafundi hao. Nashona mifarishi hapa Walukuba, Jinja, mwaka wa kumi na tisa sasa, na naomba nafasi nimjibu. Kukasirika ana haki. Lakini naamini mfarishi wake uliharibika juu ya meza ya muuza vitambaa, mkasi haujaugusa, na kosa la fundi ni kwamba alilipa bila kuuliza.

Najua kwa sababu yamenikuta. Miaka sita iliyopita jirani yangu alinipa kazi ya mfarishi wa harusi ya bintiye. Alitaka nyota nyekundu juu ya weupe, nyota ishirini, kila nyota vipande vinane. Nilipanda teksi hadi Kampala, nikaingia Kiyembe kwenye maduka ya vitambaa, na katika duka moja kijana akanishushia jora la kitambaa chekundu kilichonisimamisha palepale. Wekundu wa pilipili iliyoiva. "Jajja," yaani bibi, "hiyo ni pamba tupu," akasema, akanifunulia pindo nisome maandishi. Maandishi yalikuwepo kweli. Tena bei yake ilikuwa chini kwa elfu tatu kila yadi kuliko duka la jirani, na hapo ndipo akili yangu ilipolala. Nikakata yadi nane, nikarudi nyumbani nikiimba.

Kazi ilinichukua miezi miwili. Wiki tatu baada ya harusi, mama wa bibi harusi akaja mlangoni amebeba kavera jeusi, mfuko wa plastiki. Nilimkaribisha kiti, hakuketi. Aliutoa mfarishi akautandaza juu ya mkeka wangu bila neno. Weupe wote ulikuwa umegeuka rangi ya ufizi. Nyota zenyewe zilikuwa zimekunjamana, maana ule wekundu ulirudi majini, yaani ulisinyaa, na weupe haukurudi, kwa hiyo kila nyota ilivuta kitambaa kilichoizunguka ikabonyea katikati kama kitovu. Nilimrudishia laki moja na elfu themanini zake, mfarishi nikabaki nao.

Aibu ilinichoma zaidi kwa sababu mimi ni mtoto wa kiwandani. Mzee wangu alikuwa mfumaji katika kiwanda cha Nyanza Textile hapahapa Jinja, kile kilichojengwa miaka ya 1950, wakati bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, lilipoanza kutoa umeme. Tuliozaliwa Walukuba tulizaliwa katika nyumba za wafanyakazi, Msoga, Mluo, Mgisu na Mteso mlango kwa mlango, ndiyo maana Kiswahili ndicho kilichotulea. Mzee alikuwa na kioo kidogo cha kukunja, cha shaba, chenye kidirisha cha inchi moja kwa inchi moja. Unakikalisha juu ya kitambaa, unainama, na nyuzi zinakutokea nene kama kamba za kitanda. Unazihesabu kwa ncha ya sindano. Kwanza mtande, zile zinazokwenda na urefu wa jora. Kisha mshindio, zile zinazokatiza. Alikuja nacho nyumbani siku aliyostaafu. Kama aliruhusiwa au hakuruhusiwa, hilo ni lake na Mungu wake.

Basi siku ile, mgeni wangu alipoondoka, nilikitoa kioo kabatini nikakiweka juu ya mabaki ya kile kitambaa chekundu. Mtande ulikuwa na nyuzi 60 kwa inchi. Mshindio, 38. Yaani upande mmoja nilinunua kitambaa, upande wa pili nilinunua wavu.

Hapa niwaeleze wanunuzi jambo ambalo mafundi wengi hatulisemi, pengine kwa sababu wengi hatulijui. Pamba inayofaa viraka huwa na nyuzi 60 hadi 75 hivi kwa kila inchi, na pande zote mbili ziwe zinakaribiana. Nguo ya kawaida inaweza kuvumilia upungufu kidogo kwa sababu mishono yake ni michache na ina nafasi. Kiraka hakina nafasi hiyo. Tunashona tukiacha robo inchi tu ukingoni, na kila kipande kimekatwa pande zote. Nyuzi zikiwa chache zinachomoka moja moja hadi zinaufikia mshono, na hapo tundu linafunguka katikati ya ua lililokugharimu wiki nzima. Usidhani basi kwamba kadiri nyuzi zinavyozidi ndivyo bora. Niliwahi kujaribu mashuka ya hoteli yaliyosongamana mno. Sindano ya mkono iligoma kupenya, kidole changu cha kati kikatoboka kama chujio. Mashuka yale nilimpa dada yangu atandike kitandani, ndiko yalikoumbiwa.

Asiye na kioo anyanyue kitambaa kuelekea mlango wa duka, juani. Mwanga ukipita sawasawa, vizuri. Ukiona mistari na madoa ya mwanga kama paa la bati lililotoboka, rudisha. Kabla hujarudisha, kisugue kati ya viganja kama unafua kola ya shati la shule, halafu angalia mikono yako. Ikibaki na vumbi jeupe, umeuziwa wanga. Kitambaa cha wanga kinasimama dukani kama askari wa gwaride. Kikionja maji ya kwanza, kinalala. Kile chekundu changu kilikuwa hivyohivyo. Ule uzito niliousifu ulikuwa uji uliokaukia kwenye mianya ya mshindio.

Halafu kuna moto. Hili ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu.

Omba kipande cha upana wa vidole viwili. Nenda nacho nyumbani, kishike kwa kibanio, si kwa vidole, juu ya sahani yenye maji, na ukiguse kwa njiti ya kiberiti. Pamba inashika moto upesi, mwali wa manjano, harufu ya karatasi inayoungua. Mwali ukizimika, kaa dogo jekundu linaendelea kutembea ukingoni, kisha linabaki jivu la kijivu, laini, ukilipulizia linatoweka. Poliesta ina tabia nyingine kabisa. Kwanza inaukimbia moto, inajikunja kabla haijaguswa. Kisha inayeyuka, inadondoka, moshi mweusi, harufu tamutamu ya dawa, na ikipoa inaacha punje ngumu nyeusi kama mbegu ya papai. Tone lake likikuangukia linaganda na ngozi. Nina kovu kwenye kidole gumba, ndiyo maana nasema kibanio. Mjanja kuliko wote ni mchanganyiko. Unaungua kama pamba, unanuka karibu kama pamba, na mtu mwenye haraka anaridhika. Wewe lisage lile jivu kati ya vidole likishapoa. Ukikuta chembe ngumu kama mchanga kwenye mchele, pamba hiyo ina mgeni.

Kuna atakayeuliza: poliesta ina ubaya gani, si haichujuki na haikunjiki? Kwa gomesi, yale magauni yetu ya sherehe, sina neno. Kwa viraka, kutokukunjika ndio ubaya wenyewe. Pamba ukiikunja na kuipitishia ukucha, inalikumbuka kunjo, kona inakaa kali. Poliesta inafunguka tena kama mlango usio na komeo. Tena wengi wetu tunatumia pasi ya mkaa, isiyo na kitufe cha kupunguza moto. Moto ambao pamba inaufurahia, poliesta inang'aa na kusinyaa. Na anayelala chini ya mfarishi huo usiku wa joto hapa kandokando ya ziwa ataamka ameloa, maana jasho halina pa kwenda.

Vitenge navyo vimetuchanganya. Zamani mama alikuwa akigeuza kitenge upande wa nyuma: rangi ikiwa kali nyuma kama mbele, alijua ni cha nta, na cha nta kilikuwa pamba. Siku hizi kuna poliesta iliyopigwa chapa pande zote mbili, hata ile mipasuko myembamba ya nta imechorwa. Macho peke yake hayatoshi tena. Leso nazo ni pamba mara nyingi, ila nyingi ni nyepesi mno. Mimi huzitumia kwa mfarishi wa mtoto mchanga tu.

Rangi nitaieleza kwa ufupi, kwa kuwa dawa yake ni glasi ya maji. Kata kipande kidogo, kitumbukize kwenye glasi ya maji ya moto yenye tone la sabuni pamoja na kipande cheupe, iache dirishani nusu saa. Maji yakibaki maji, shona. Yakigeuka juisi, kitambaa hicho kisikae karibu na weupe. Akina mama wenzangu watanipinga nikisema kwamba siki na chumvi havisaidii. Nimeloweka kwa siki hadi nyumba nzima ikanuka achari. Rangi nyingi zinazotumika leo kwenye pamba hushikishwa kwa magadi kulekule kiwandani. Ikiwa hazikushikishwa, au ziada yake haikusuuzwa vizuri, siki yako ya jikoni haitafanya kazi iliyoachwa huko. Kinachosaidia ni maji ya moto, tena na tena, mpaka ziada itoke.

Na vitambaa vyote vifuliwe kabla ya kukatwa. Mimi hukata mraba wa sentimita 25, naufua kwa maji ya moto, naukausha, naupiga pasi, kisha naupima. Ukirudi hadi 24, hiyo ni asilimia nne, jambo la kawaida kwa pamba. Hatari ni kuchanganya kinachorudi na kisichorudi katika nyota moja. Nyota zenye vitovu hutoka hapo.

Sasa niingie kwenye siri yangu, na wauza vitambaa wanisamehe. Kitambaa bora ninachokipata Jinja nakipata kwenye mivumba, yaani mitumba, katika mashati ya wanaume. Shati la pamba lililovaliwa na kufuliwa miaka mitatu huko lilikotoka limeshamaliza ujanja wake wote. Limesharudi kadiri ya kurudi, rangi iliyotaka kutoka imetoka, wanga ulikwisha zamani. Mimi huenda sokoni asubuhi robota linapofunguliwa. Sitazami kola wala vifungo. Navuta mgongo wa shati, kwa sababu mgongoni ndipo penye kipande kikubwa kisicho na mshono, na viwiko naviacha maana vimechoka. Natafuta kitambulisho kile kidogo kilichoshonewa ubavuni. Kikiwa kimekatwa, nakunja kitambaa ngumini, nahesabu hadi kumi, naachia. Pamba inabaki na makunyanzi kama uso wa bibi. Kikifunguka laini, namrudishia mwenyewe. Mashati kumi na mawili yenye mistari ya bluu na kijivu yalinipa mfarishi ambao mwalimu mmoja wa Bugembe ameufua kwa miaka minne, na bado akikutana nami barabarani ananishukuru.

Agosti 2023 Rais Museveni alitangaza kule Mbale kwamba nguo za mivumba zipigwe marufuku ili viwanda vyetu vipate soko. Sipingi viwanda, mimi niliyesomeshwa na kiwanda. Ila nilijiuliza nikifungiwa mashati yale nitaenda kununua pamba gani. Mbegu za pamba ziligawiwa wakulima wa nchi hii mwaka 1903. Msimu wa 1969/70 tulitoa marobota zaidi ya laki nne. Hadi leo Lango, Teso na Kasese wanailima, wanaichuma kwa mkono tumba kwa tumba, na sehemu kubwa inapakiwa kama nyuzinyuzi tupu na kwenda nje. Kisha mimi, binti wa mfumaji, nasimama Kiyembe nachoma vipande kwa kiberiti kutafuta pamba katika nchi ya pamba. Mzee angekuwa hai angetukana kwa lugha zote nne alizozijua.

Turudi kwenye laki mbili za msomaji wa Mbale, maana hesabu yake inaeleza mengi. Mfarishi wa kitanda cha futi tano kwa sita unakula yadi kumi na nne hivi, mbele na nyuma. Kitenge cha pamba ya kweli hapa Jinja nakinunua shilingi elfu sitini kwa yadi sita. Kwa hiyo kitambaa peke yake ni laki moja na arobaini, bado blanketi la katikati, bado uzi wa pamba, bado nauli. Mtu akikuuzia kwa laki mbili, ama anajifanyia kazi ya bure kwa miezi miwili, ama amenunua kitambaa cha elfu ishirini na tano kwa yadi sita. Mwaka jana mteja aliniambia usoni kwamba kuna fundi atakayemshonea kwa laki moja na nusu. Nikamwambia mama, nenda kwake, ila nenda na kiberiti. Alicheka, akaenda. Sijui kama alikichukua.

Ombi langu ni kwa wauza vitambaa. Tukubalieni kipande cha upana wa vidole viwili. Hatukitaki bure, mimi hutoa shilingi mia tano kwa kila kipande na wengine nawaona wanashangaa kupokea. Wapo wanaokata kwa moyo mmoja, na hao ndio ninaowarudia hata wakinizidishia bei. Wapo wanaofoka, "Jajja, unataka kuniharibia jora?" Jora la yadi thelathini halifi kwa vidole viwili. Aliyenifokea hivyo amenipa jibu, nami huondoka bila kinyongo. Na Shirika la Viwango, UNBS, lingetufaa sana likipita mara mojamoja madukani na kulinganisha maandishi ya pindoni na kitambaa chenyewe. Kifaa hakihitajiki. Kiberiti kinatosha kuanzia.

Kwa mafundi wenzangu, hasa mabinti wanaoanza: kabla hujakata, rarua. Chana mwanzo kidogo kwa mkasi, kisha rarua kwa mikono kutoka pindo hadi pindo. Pamba inararuka kwa mstari mmoja ikifuata uzi wake, na hapo utaona kama maua yalipigwa chapa sambamba na nyuzi au yamekwenda mshazari. Yakiwa yamekwenda mshazari, utachagua kati ya kufuata ua na kufuata uzi. Fuata uzi. Mshazari unavutika, na mfarishi uliokatwa mshazari hautalala bapa hata uupige pasi hadi mkaa uishe.

Nikirudi kwa msomaji wa Mbale: kama mfarishi wake bado anao, asiutupe. Auloweke usiku kucha kwenye beseni kubwa la maji ya moto yenye sabuni nyingi ya maji, uzame wote, usibane. Asubuhi ayamwage maji yaliyogeuka rangi, arudie hadi yabaki meupe. Rangi iliyohamia kwenye weupe mara nyingi hukubali kutoka kwa njia hiyo, hata muda ukiwa umepita. Wangu niliufanyia hivyo miaka miwili baadaye, mabeseni matano, na ule ufizi ukafifia hadi karibu weupe wa kwanza. Mikunjo ndiyo iliyogoma. Ndio ninaofunikia cherehani hadi leo, nyota ishirini na vitovu vyake ishirini, na kila binti anayekuja kujifunza kwangu huanza kwa kuuliza hiyo ni nini.

Mshona mifarishi,
Walukuba, Jinja